Insha ya Chungu cha Pombe

Aibu hii niliificha miaka mingi. Hata leo nikipita Daraja Mbili siku ya soko hushusha kofia mpaka puani, wala si kwa sababu ya jua, ni kwa sababu wako akina mama pale, mabinti wa wale waliokuwapo, waliorithishwa mkasa wangu pamoja na mahali pa kuuzia ndizi. Lakini sasa nimezeeka na aibu yenyewe imezeeka pia, basi wacheni niitoe nje nayo iote jua kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa tarishi katika ofisi moja mjini Kisii. Kazi yangu ilikuwa kutoa faili meza hii na kupeleka meza ile (hatua nne, tano ukiwa na njaa), nami niliifanya kwa madaha hata wageni wakidhani mimi ndiye mkubwa na yule aliyeketi ni msaidizi wangu. Shida yangu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na jina: Kemunto. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Nyaramba, ingawa kwao hasa ni Marani, na siku moja aliniambia bila kupepesa, "Ratemo, nakupenda, lakini barua zako za Kiingereza nikizipata lazima nizisahihishe kwa wino mwekundu kwanza, ndipo nifurahi. Nenda usome."

Nikaenda. Palikuwa na darasa la watu wazima mjini, lililoanza ofisi zikifungwa, na tulikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakitugusa masikio: mimi, askari jela wawili, muuguzi mmoja, na fundi wa baiskeli aitwaye Onsongo, mtu wa sauti kubwa na hofu ndogo. Mwalimu wetu, Ombati, alikuwa mwembamba kama chaki yake, naye aliipenda insha ya Kiingereza jinsi watu wengine wanavyopenda nyama.

Alitufundisha kwamba kila insha ina njia yake ya kuiendea. Ile ya masimulizi, alisema, ni kumshika mtu mkono na kumpeleka safari, usimwache njiani ukaenda kununua miwa. Ile ya maelezo ni kumwonyesha mtu kazi, hatua moja baada ya nyingine, kama unamfundisha bibi harusi kupika. Ile ya hoja ni kubishana na mtu ambaye hayupo, kwa hiyo mpe naye nafasi ya kusema, halafu umshinde. "Na ile ya wasifu," akasema huku macho yakimng'aa, "ni picha. Nitajuaje umefaulu? Nitampa mwenzako karatasi yako aingie sokoni Alhamisi. Akimpata mtu uliyemwandika, umefaulu. Akimkosa, umeniandikia upepo."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, na nawaambia kweli, niliufanya kwa busara. Nilijiambia: Ratemo, ukimwandika mtu unayemjua, atajua, na akijua mtakosana, mwandike mtu usiyemjua kabisa. Basi nikaenda Daraja Mbili, nikajibanza karibu na mshona viatu, nikamchagua mzee mmoja muuza ndizi ambaye sikuwahi kumwona tangu nizaliwe.

Nikamtazama saa nzima kama daktari. Alivaa koti la zamani la askari lenye kifungo kimoja cha kijani kilichofanya kazi ya vitano. Tumbo lake lilitangulia, yeye akafuata. Mwalimu alikuwa ametufundisha wiki hiyo hiyo kwamba wasifu hunoga kwa mifano, na kwamba neno la Kiingereza la kutolea mfano ni laiki (sisi, kwa ulimi wetu wa Kikisii ambao herufi L huiona kama mgeni asiyealikwa, tulisema "raiki"), nami nikaimwaga raiki kama mtu anayemwaga chumvi ya jirani. Nikaandika kwamba tumbo lake ni raiki chungu cha pombe. Kwamba akiita wateja sauti yake ni raiki mjane anayelia. Kwamba akinyata kati ya mikungu ni raiki mwizi wa kuku. Nilijisomea mwenyewe nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Sasa lazima niwaambie jambo la pembeni ambalo si la pembeni. Wiki hizo hizo wazazi wangu walikuwa wamemtuma esigani, yule mshenga wetu, kwenda Marani kwa baba yake Kemunto, na jibu lilikuwa zuri: njooni Jumapili. Huyo baba, Mzee Nyakundi, sikuwa nimemwona, wala sikuwa na haraka. Mnazijua chinsoni zetu, hiyo haya kati ya mkwe na mkwe: hukai naye mkiegemea ukuta mmoja, humtazami usoni, wala hutaji kiungo cha mwili wake hata kama ni kidole na kinavuja damu. Nilichojua ni kwamba alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa ndani kabisa, aliyelima majani ya chai lakini chai yenyewe haonji, seuze pombe.

Alhamisi saa kumi darasa zima tukakutana sokoni. Mwalimu akagawa karatasi, na yangu ikamwangukia Onsongo. Nikafurahi, maana Onsongo hupata kila kitu, hata kisichopotea. Nilichosahau ni kwamba siku ya somo la raiki Onsongo alikuwa mazishini. Raiki aliyoijua yeye ilikuwa ile moja tu ya siku zote: kupenda.

Akasimama katikati ya akina mama wa ndizi, akaivuta karatasi mbali na macho kama mtu asomaye tangazo la serikali, akaanza kuwatafsiria kwa Kikisii kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Mama zangu, nisaidieni! Natafuta mzee anayependa chungu cha pombe!"

"Hao ni wengi, mura, kijana wetu," mama mmoja akajibu bila kuinua kichwa. "Ongeza."

"Anapenda pia wezi wa kuku!"

"Huyo basi atakuwa chifu," akasema mwingine, wakacheka.

"Na akiita wateja, anapenda mjane anayelia!"

Kicheko kikapungua. Akina mama wakaanza kusogea. "Mjane gani?" wakauliza. Kwa bahati mbaya, jirani yake yule mzee wangu wa ndizi alikuwa mama muuza viazi vitamu, mjane wa kweli kweli, mwenye ulimi wa kunyolea ndevu. "Soma nguo zake," akaamrisha.

"Koti la askari," akasoma Onsongo, "kifungo kimoja, cha kijani."

Soko zima likageuka upande mmoja, kama migomba upepo ukivuma.

"Mzee wa kanisa?" mama mmoja akanong'ona.

"Wa Marani?" akasema mwenzake. "Yule anayetukataza hata kahawa?"

Mimi nilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, kwenye nguo kuukuu za ng'ambo (siku zile tuliziita kafa-ulaya), na niliposikia "kanisa" na "Marani" katika pumzi moja, nilianza kufanya hesabu. Nikajipenyeza kati ya makoti yaliyotundikwa, na ili nionekane mnunuzi nikavaa moja bila kulitazama.

Mwalimu Ombati, badala ya kuzima moto, akaruka juu kwa furaha. "Ametambuliwa!" akapaza sauti. "Huo ndio wasifu! Alama kumi na nane kati ya ishirini!"

Yule mzee akaweka mkungu chini taratibu. Aliposema, sauti ikatoka nyembamba, ya kuvutavuta, na naapa hata wakati ule sehemu moja ya moyo wangu ilijisifu, maana ilikuwa mjane mtupu.

"Ni nani ameandika hayo?"

Onsongo akatazama juu ya karatasi. "Ratemo Omwenga, wa Nyaramba."

"Ratemo Omwenga wa Nyaramba," mzee akarudia, polepole, kama anayeonja chakula kilichoharibika. "Huyo si ndiye tunampikia Jumapili?"

Ardhi ya Kisii ni tulivu sana, haipasuki mtu anapoihitaji. Nilirudi nyuma, nikakanyaga kitu, kumbe ni mguu wa mwenye nguo, mama mnene asiye na subira. "We! Unalinunua hilo koti ama unalifia?" Akanishika ukosi, akanitoa hadharani kwa mvuto mmoja, na ndivyo nilivyokutana na baba mkwe wangu mara ya kwanza: uso kwa uso, nimevaa koti jekundu la mwanamke wa Ulaya, lenye manyoya shingoni.

"Ndiye huyu!" Onsongo akafurahi. "Ratemo, nimempata mtu wako!"

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini niliona jina la mzee linaharibika mbele ya watu, na Kemunto wangu anaharibika pamoja nalo, nikaona nijitetee kwa insha ya hoja.

"Mzee," nikasema nikitazama viatu vyake, "Onsongo amekosea. Mimi sikusema unapenda chungu cha pombe."

"Ulisema nini?"

"Nilisema... unafanana nacho."

Mzee akaliangalia tumbo lake, kisha akaniangalia mimi.

"Na mjane?" akauliza yule muuza viazi, mikono kiunoni.

"Humpendi, mzee! Nilisema tu sauti yako ni kama yake akilia."

"Na wezi wa kuku?" akadakia mzee mwenyewe.

Soko lilikuwa limeshaanguka. Watu walicheka wakishikana, mama mmoja akakalia ndizi zake mwenyewe. Mzee Nyakundi akanyoosha mkono, akaichukua karatasi kwa Onsongo, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni na kufunga kile kifungo kimoja. Kisha akaondoka akinyata kati ya mikungu (na nyinyi mnajua alivyonyata).

Kesho yake esigani alikuja ofisini kwetu ameshika kichwa. Habari ilikuwa imefika Marani kabla ya mzee mwenyewe, nayo ilifika ile ya Onsongo, si ile yangu: kwamba mzee wa kanisa anapenda pombe na mjane, na imeandikwa kwa Kiingereza, tena mwalimu ameipa alama. Sabato angeulizwa mbele ya watu. "Akivuliwa uzee wa kanisa," esigani akasema, "wewe Kemunto utamwona kwa picha. Njoo ukaseme."

Basi siku ya Sabato nikasimama mbele ya kanisa zima, Kemunto akiwa kwenye kwaya, ameinamisha uso ndani ya kitabu cha nyimbo. Nikaanza na masimulizi, toka nilipozaliwa, mchungaji akatazama saa. Nikahamia maelezo, jinsi ya kuandika wasifu hatua kwa hatua, mzee mmoja akasinzia. Mwishowe mchungaji akasema, "Kijana, neno ni moja tu. Hapa pana kupenda, au hapana?"

"Hapana, mchungaji. Pana kufanana."

"Nani atatuhakikishia? Wewe ndiwe mwandishi." Akageukia kwaya. "Mwalimu Kemunto, njoo usome."

Akaja. Mzee Nyakundi akaitoa karatasi mfukoni, akampa binti yake, na hapo ndipo niliposahau kujihurumia. Mtu yule alikuwa amelitumikia kanisa hilo tangu likiwa la nyasi, na sasa jina lake lote lilikuwa limening'inia kwenye neno moja la tarishi.

Kemunto akasoma kimya. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia.

"Mchungaji," akasema hatimaye, akijibana, "Kiingereza chake kina makosa kumi na moja. Lakini neno hili si kupenda, ni kama. Tumbo kama chungu, sauti kama mjane anayelia." Akamgeukia baba yake. "Na... baba, nisamehe... ni kweli tupu."

Kutoka upande wa akina mama kikapasuka kicheko kimoja kikubwa, cha mtu aliyekizuia miaka thelathini. Alikuwa mama yake Kemunto. "Hiyo sauti!" akasema akijifuta machozi. "Nyasae, Mungu wangu! Usiku wa kwanza nilidhani tumefiwa!"

Kanisa zima likaisha kwa kicheko. Hata mchungaji aligeukia ukuta. Mzee Nyakundi akabaki na uzee wake, msafi kama alivyokuwa, na jina la utani, Chungu, ambalo hakulivua mpaka mwisho.

Jumapili tulikwenda, tukala. Nilikaa nimeukodolea macho mkeka, chinsoni zote zimerudi mahali pake, mpaka mzee akasema kupitia kwa esigani, kwa maana mimi na yeye hatukuwa na njia nyingine: "Mwambie huyo kijana, binti nitampa. Anayemtazama hivi mtu asiyemjua, mke wake hatampotea machoni. Ila akiniandika tena, nitamwandika na mimi."

Tangu siku hiyo sijaiandika raiki. Nilipata cheti bila hiyo, nimemwandikia mke wangu barua miaka yote bila hiyo, na watoto wangu wakiniuliza maana yake huwatuma kwa mama yao. Mara moja tu nilijaribiwa. Mzee alikuwa mgonjwa, amekonda, nami nimesimama mlangoni nikitazama kando jinsi inavyopasa. Akamwita Kemunto, akamwambia ile sauti yake nyembamba ikivutika: "Mwambie Ratemo ile karatasi bado ninayo. Lakini sasa aisahihishe. Chungu kimebaki kibuyu."