Kijino cha Kanda Mama

Pale kampuni kila mtu alimwita Mama Jicho, na msidhani jina hilo alilipata kwa uzuri wa macho. Alilipata kwa kukaa miaka ishirini na mitano kwenye kiti cha mbao kilichommaliza kiuno, akitazama kila filamu kabla haijaingia dukani. Picha ikikwaruza, alisonya. Sauti ikipotea, alisonya na kuitupa kanda kapuni. Na ikiwa ni kanda mama, yaani ile ya asili ambayo nakala zote hutolewa humo, aliitazama mpaka mwisho, akaandika jina lake kwa kalamu nyekundu, kisha akakivunja kwa ukucha kile kijino cha plastiki kilichoko mgongoni. Kijino kikivunjika, deki haikubali tena kurekodi juu ya kanda hiyo. Ndiyo kufuli yake, na yeye ndiye aliyekuwa akiifunga.

Kampuni yenyewe ilianzia chumba cha kupanga, deki mbili juu ya kitanda, na Bosi, enzi hizo mwembamba kama fimbo, akiapa kwamba atasambaza filamu za watu wasio na mjomba popote. Mama Jicho alimwamini. Tena alimwamini kwa moyo wote, maana katika filamu ya kwanza kabisa alicheza mdogo wake wa damu. Alicheza mpangaji mkorofi, mwanamke anayegombana na nyumba nzima kwa ajili ya ndoo yake. Watu walicheka mpaka wakalia. Miaka mitatu baadaye mdogo mtu akafariki, akaacha kitoto cha kike cha miezi minane. Mama Jicho akakibeba, akakilea, kikawa binti mzima anayemwita mama mkubwa.

Binti alikuwa na picha nne za mama yake, zote zimepauka. Tangu anajua kuuliza, swali lake lilikuwa moja.

"Mama mkubwa, alikuwa anaongeaje?"

"Sauti yake ipo kazini, mwanangu, kabatini. Siku moja utamsikia."

"Si uilete tu nyumbani?"

"Kanda mama haitoki kabatini."

Hiyo ilikuwa kanuni ya Bosi, na Mama Jicho aliishika kama amana. Nakala za dukani zilikwisha zamani, zile za kukodisha zikatafunwa na deki za watu. Ilibaki ile ya kabatini, na ufunguo anao Bosi. Basi miaka ikapita, mtoto akingoja sauti ya mama yake kwa sababu ya kanuni. Ukifikiria sana, inatia hasira.

Na Bosi je, alizishika kanuni zake? Thubutu! Alianza kunenepa, na kampuni ikaoza pamoja naye. Aliwasainisha watu makaratasi ya haki zote mpaka siku ya kiyama, kisha akawa hawatambui wakimpungia mkono barabarani. Akaamuru kila filamu ikatwe vipande viwili, ili mtu alazimike kununua kanda mara mbili. "Tafuta mahali pa kukata," alimwambia Mama Jicho, na Mama Jicho akakata, hata pale mgonjwa alipokuwa katikati ya kukata roho. Watu wakangoja sehemu ya pili ili wajue kama amekufa. Alikuwa akirudi nyumbani ananawa mikono kama aliyetoka kuchinja. Lakini alikuwa na mtoto wa kulea, akafunika kombe mwanaharamu apite.

Jambo moja tu alilifanya kwa raha zake, nalo ni kumwandama Chapchap. Huyu alikuwa mwizi wa kazi za kampuni. Filamu ikitoka asubuhi, jioni yeye anauza nakala zake karibu na stendi, za bei poa, picha imejaa chenga tupu. Siku polisi walipomkamata na sanduku la kanda, Bosi aliita wapiga picha. Nyundo ilipoletwa, Bosi alikuwa amevaa suti mpya, hakutaka kuichafua, akampa Mama Jicho. Mama Jicho akazivunja zile kanda moja baada ya nyingine uani kwa polisi, akamalizia kwa kumtemea Chapchap mate miguuni. Ptuu! Alilala vizuri siku ile.

Kampuni ilipotimiza miaka ishirini na mitano, Bosi alichapisha kadi za mwaliko: historia ya kampuni itasimuliwa, na filamu ya kwanza itaonyeshwa. Mama Jicho alisoma kadi mara tatu. Akampigia binti simu palepale.

"Jumamosi, mwanangu. Vaa vizuri. Utakaa mbele kabisa."

 Binti akaanza kulia.

Alhamisi Bosi akampa ufunguo. Kanda ilikuwa palepale rafu ya juu, mwandiko wake mwekundu ukisomeka vizuri. Aliigeuza mgongo kwa mazoea tu. Penye tundu la kijino palikuwa pamezibwa selotepu.

Kila aliyefanya kazi hiyo anajua maana yake. Ukiziba tundu, deki inadanganyika, inarekodi. Aliiingiza kwenye mashine. Ikatokea keki. Keki ya ghorofa tatu, na Bosi analamba kisu, siku yake ya kuzaliwa, watu wakimpigia makofi. Akaipeleka mbele: Bosi anacheza. Akaipeleka mbele tena: Bosi amelala kwenye kochi, mdomo wazi, na kamera imemwelekea mpaka kanda ikaisha.

Akarudi kabatini. Aligeuza kanda mama moja baada ya nyingine. Selotepu. Selotepu. Selotepu. 

Bosi alikuwa mezani anachokonoa meno. Mama Jicho akamwekea ile kanda mbele yake.

"Aa, ile? Kanda tupu ziliisha siku ile, dada. Kwani ilikuwa bado inauza?"

"Yule alikuwa mdogo wangu."

"Najua, najua. Pole." Akakitazama kile kijiti cha meno, akakirudisha mdomoni. "Sasa itafute mahali, kadi zimeshatoka. Usiniaibishe."

Kefule! Mama Jicho alitoka bila kufunga mlango. Alipita maduka yote ya zamani ya kukodisha; moja sasa lilikuwa saluni, jingine wanauza vigae. Akabaki na mlango mmoja tu, na huo alitamani ardhi ipasuke kuliko kuubisha.

Chapchap siku hizi alikuwa fundi wa simu, kibanda kilekile cha karibu na stendi, mvi kichwa kizima. Alimwona tangu mbali.

"Dada Nyundo! Leo umekuja nayo au umeiacha nyumbani?"

Mama Jicho alieleza alichokifuata.  Chapchap aliacha kucheka, akaweka bisibisi chini.

"Ya mpangaji na ndoo? Nilikuwa nazo arobaini na moja. Arobaini ulizivunja wewe."

 Kumbe siku ile uani kwa polisi Mama Jicho alikuwa akimponda mdogo wake, nyundo kwa nyundo, na picha anapigwa.

"Hiyo moja ilipona kwa kuwa ilikuwa ndani ya deki nyumbani," Chapchap aliendelea. "Mama alikuwa hajiwezi, haamki kitandani. Kila siku anataka awekewe yule wa ndoo. Alikufa anaicheka." Akaenda ndani, akarudi na kanda ndani ya mfuko wa nailoni.

"Bei gani?"

"Siuzi. Nikikuuzia si utaniita mwizi? Nakuazima. Irudi nzima."

Ijumaa Bosi aliuliza kama imepatikana. Imepatikana, alijibiwa. Hakuuliza ilikotoka, na Mama Jicho hakuona sababu ya kumsumbua.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa suti. Bosi alihutubia nusu saa nzima: jinsi tulivyolinda sanaa, jinsi tulivyohifadhi jasho la wasanii wetu kwenye kabati lenye kufuli. Mama Jicho, kando ya deki, alimngoja amalize. Kisha akabonyeza.

Kabla ya picha yakapita maandishi, makubwa, ya manjano: KWA HISANI YA CHAPCHAP, KARIBU NA STENDI, BEI POA KULIKO KAMPUNI.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Bosi macho yakamwiva. "Zima! Zima, wewe mwanamke!"

"Njoo uzime mwenyewe," alisema Mama Jicho, akasimama mbele ya mashine. Bosi alitazama wageni, akakaa.

Ndipo kwenye chenga akaingia mwanamke kijana, mkono kiunoni, akabisha mlango kwa teke. "Ndoo yangu iko wapi? Thithemi mara mbili!"

Binti aliinuka kitini. Alisogea hadi karibu na televisheni, akasimama na viganja mdomoni, akamsikiliza mama yake akigombania ndoo. Alicheka palepale walipocheka watu wote wa zamani. Kisha akageuka.

"Mama mkubwa, mbona hukuniambia ana kithembe?"

 Mama Jicho alikuwa amesahau. Alikuwa na maneno yake yote, nguo zake, hata saizi ya viatu vyake, na kithembe alichomtania nacho utoto mzima kilikuwa kimefutika kichwani, safi kabisa, na hapo hakuna Bosi wa kumlaumu.

Wageni walipoondoka, Bosi alikuja na mkono umenyooshwa. "Haya, lete hiyo kanda ikae kabatini. Ni mali ya kampuni."

Mama Jicho aliitoa kwenye deki, akaigeuza mgongo. Kijino kilikuwa kizima. Miaka yote hiyo Chapchap angeweza kurekodi juu yake siku yoyote, hata bila selotepu, na hakurekodi. Akakibana kwa ukucha, kikaruka, kikamdondokea Bosi kwenye kiatu. Kanda akaitia mkobani.

"Mwanangu, twende," alimwambia binti. "Kwanza tutafute wa kututolea nakala, halafu tuirudishe kwa mwenyewe."

"Mwenyewe?" Bosi alifoka. "Mwenyewe nani zaidi yangu?"

"Yule mwizi," alisema Mama Jicho, akamshika binti mkono wakatoka.