Mzee wa Mapacha na silinda iliyonyamaza

Saa nne asubuhi injini inanguruma, na fundi mwenye ovaroli iliyochujuka rangi anachovya kidole kwenye kopo la maji. Anadondosha tone kwenye bomba la moshi la kulia. Tone linaruka, linachemka, linakwisha. Anadondosha jingine kwenye bomba la kushoto. Hilo linateremka taratibu mpaka sakafuni, wala halina haraka.

"Huyu amelala," anasema, akilionyesha bomba la kushoto kwa kidevu. "Mwenzake anafanya kazi ya wawili."

Pikipiki iliyo mbele yake ni ya zamani, ya silinda mbili, na imewazidi umri wengi wanaopita nje ya karakana. Mwenyewe ni kinyozi wa mtaa wa pili, aliyeirithi kwa marehemu baba yake. Kila silinda ina plagi yake ya kutoa cheche, kabureta yake na bomba lake la moshi. Pikipiki za namna hii ndizo pekee anazozishughulikia fundi huyu, na ndiyo maana wateja wanamwita Mzee wa Mapacha. Ukimletea ya silinda moja, atakuelekeza kwa jirani.

Leo ni siku ya tatu, na pacha wa kushoto bado hajaamka. Fundi amezibadilisha plagi nafasi, ya kushoto akaipeleka kulia na ya kulia kushoto. Kama ubovu ungekuwa kwenye plagi, ungehama nayo. Haukuhama. Akaifungua kabureta, akaiosha, akaifunga, akaifungua tena. Jana jioni alimwambia mkewe neno ambalo hakuwahi kulitamka katika ndoa yao: pikipiki hii ikimshinda, anafunga karakana.

Si kwamba amesahau kazi. Masikio ndiyo yaliyomtupa mkono.

"Zamani nilikuwa nasimama hapo mlangoni, pikipiki ikikata kona tu nishajua inaumwa nini," anasimulia, macho yake yakiwa kwenye midomo ya mwandishi anayemhoji. "Sasa nasikia mngurumo basi. Zile sauti ndogondogo zote zimeondoka. Na ugonjwa wenyewe umo humo kwenye ndogondogo."

Hakumwambia mtu. Wateja wakimweleza shida zao, alitazama midomo na kuitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mmoja alimwita kwa nyuma, akamwita tena, akaondoka na pikipiki yake akisema mzee siku hizi ana maringo. Zamani zilikuja pikipiki nne kwa wiki. Sasa ikija moja anashukuru.

Mkewe ni fundi cherehani. Chumba chake na karakana vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na humo ameshona kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Watoto wangu wanne wamelala usingizi wa mchana kwa makelele haya," anasema mama huyo, akicheka. "Nyingine ikiwashwa tu najua, ah, hiyo leo mwenyewe haondoki nayo." Enzi hizo akithubutu kusema jambo, mumewe alimjibu arudi kwenye vitambaa vyake. Naye alirudi, lakini masikio hakuyafunga.

Sasa hivi anaingia na chupa ya chai. Anaiweka mezani, anageuka kuondoka, kisha anasimama.

"Baba watoto, hiyo tiki-tiki ni ya nini?"

Fundi anaendelea na kazi. Amempa kisogo. Mkewe anamzunguka, anamshika bega na kurudia akiwa mbele ya uso wake.

"Tiki-tiki gani?"

"Kama jiko la gesi unapoliwasha likakataa kushika. Iko upande huu. Kila inapotaka kukohoa, inatangulia hiyo."

Fundi anaduwaa na bisibisi mkononi. Jiko la gesi hulia vile kwa sababu ya cheche. Anamwomba mkewe afunge milango, na karakana inaingia giza mchana kweupe. Anainama chini ya tangi, na hapo anaiona: cheche ndogo ya bluu inaruka kutoka kwenye waya wa plagi kwenda kwenye fremu. Waya umesuguana na chuma mpaka ganda lake likachanika. Moto uliotakiwa kufika kwenye plagi unaishia njiani.

Alihamisha plagi, nyaya akaziacha mahali pake. Maisha yake yote hakuwa na haja ya kuzijaribu. Cheche ikivuja, alikuwa anaisikia.

Milango inafunguliwa, waya mpya unawekwa, anapiga kiki. Safari hii maji yanachemka pande zote mbili. Fundi anaketi kwenye kigoda na kujifuta uso kwa mkono wenye grisi.

"Nimefurahi, na nimeona aibu," anasema. "Vyote kwa pamoja."

Mchana kinyozi anakuja kuchukua pikipiki yake na kuuliza ilikuwa nini. Ingetosha kabisa kumjibu kwamba ni waya. Fundi anamtazama mkewe, anapiga moyo konde.

"Mwanangu, mimi sisikii vizuri. Ni muda sasa. Aliyeusikia ubovu ni mama huyu."

Kinyozi anakuna kichwa. "Mzee, mbona mtaa mzima tunajua? Tulidhani wewe ndiye hujui." Kisha anamgeukia mama. "Shikamoo, mama. Kumbe daktari ni wewe!"

Wanacheka wote watatu, na fundi anacheka kuliko wote, kwa nafuu ya mtu aliyetua mzigo. Kinyozi akishaondoka, anamwomba mkewe awe anapita kila asubuhi kumsikilizia injini. Karakana haifungwi tena.

"Nitakusikilizia," anajibu mama, akihakikisha anatazamwa. "Lakini Jumatatu tunakwenda hospitali ukapimwe. Injini umezihangaikia siku tatu hukulala. Mimi naongea peke yangu mezani mwaka wa tatu huu, hujahangaika hata siku moja."

 Muda wote huo fundi alikuwa akiogopa kupoteza kazi. Jambo hili jingine halikuwahi kumpitia akilini, na sasa linamuuma waziwazi. Mkewe anachukua chupa yake na kurudi kushona.

Kifaa cha kumsaidia kusikia, kwa bei alizodokezwa, kitamlia mapato ya miezi miwili. Anasema atakilipia, hata ikibidi apokee za silinda moja. Anapoulizwa ni injini ipi angependa kuisikia kwanza, anatikisa kichwa.

"Injini zote nazijua. Nataka nimsikie huyu anavyonisema."

Anadhani amenong'ona. Chumba cha pili, cherehani inasimama.