Nguo za Attracta Ukutani

Pale Ngazi za Akina Mama, ngazi za mawe zinazoshuka baharini katika mji wetu wa Portcarrick, karibu na Dublin, hakuna mlinzi wa waogeleaji. Kuna sheria moja tu, na mtu aliyekulia kwetu huijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukitoka majini, kabla hujaondoka, unatazama ukuta. Ukiona furushi la nguo na mwenyewe haonekani, huendi kokote. Unasimama hapo, hata kama meno yanagongana, mpaka kichwa chake kitokeze. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za wanawake kuogelea pale peke yao, wanaume wakiwa na gati lao nyuma ya kanisa, na ndivyo ilivyo leo tunapochanganyika sote, vitambi kwa vitambi, Januari na Julai.

Malachy Tyrrell alizaliwa juu kidogo ya ngazi hizo na hajawahi kuishi mahali ambapo hasikii bahari. Ujana wake wote na utu uzima wake aliupitisha ndani ya Jumba la Michezo lililokuwa ufukweni, kwenye vigari vya umeme vya kugongana, vya kuchezea. Alivaa koti la bluu, akaruka kutoka kigari hadi kigari kama paka juu ya paa, akipiga kelele kwenye kipaza sauti: "Msigongane uso kwa uso!" Na kugongana huko ndiko kulikowaleta watoto kutoka kila kichochoro cha Dublin. Juu ya vigari palikuwa na ukumbi wa dansi, na Attracta akashuka kutoka huko usiku mmoja wa kiangazi akiwa amevua viatu, akasema miguu inauma na anataka kuketi kwenye kitu kinachokwenda chenyewe. Malachy alimkalisha kwenye kigari chekundu. Walioana mwaka uliofuata. Hawakupata watoto, na hawakulisema jambo hilo mbele ya watu.

Jumba limeuzwa. Limebomolewa. Mahali pake pamesimama ghorofa za vioo zenye roshani ambako hakuna anayekaa, maana upepo wetu hauheshimu bei ya nyumba. Mji huu ulijengwa na furaha ya watu wa kawaida, waliokuja kwa treni na mikate yao kwenye karatasi, wakaota jua lisilokuwepo na kurudi kwao wakiwa na mchanga masikioni. Umeuzwa kipande kwa kipande kwa watu wanaotaka kuitazama bahari bila kulowa. Hata honi ya ukungu ya mnara wa taa, iliyolia kuonyesha pwani iko wapi, ilizimwa. Walisema meli siku hizi zina vyombo vyake vya kuonyesha njia. Binadamu anayeogelea ana chombo gani? Hakuna aliyeuliza.

Zilibaki ngazi, na kila asubuhi Malachy na Attracta walishuka pamoja.

Siku aliyopotea Attracta, bahari ilikuwa shwari kama maziwa kwenye sahani. Ilikuwa Septemba. Malachy alikuwa bado amevaa suruali yake, akibishana na Fergus Mangan, fundi bomba mstaafu, kuhusu mechi ya Jumapili. Attracta alimpita.

"Mtabishana mpaka maji yakauke," alisema, akaingia.

Aliogelea kuelekea kwenye boya, kama siku zote. Fergus alimwona akiligusa. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena.

Boti za uokoaji zilikuja, na helikopta ikazunguka mpaka jioni. Ukutani nguo zake zilikuwa zimekunjwa: suruali ya sufu, sweta, koti la njano, viatu vyenye soksi ndani. Giza lilipoanza kuingia, polisi kijana, mtu mwema kabisa, alizichukua, akazitia ndani ya mfuko na kumpa Malachy.

"Nenda nyumbani sasa, Bwana Tyrrell. Tutakupigia simu."

Malachy akaupokea mfuko. Akaenda nyumbani. Hilo ndilo lililomvunja. Kupotea kwa Attracta kulikuwa kazi ya bahari, lakini kuzibeba zile nguo ilikuwa kazi ya mikono yake. Katika historia yote ya ngazi zile, alijiona kuwa mtu wa kwanza kuondoka huku mwenye nguo akiwa bado majini. Mwili haukupatikana, mazishi hayakufanyika, na simu iliyoahidiwa ilipolia haikuwa na la kusema.

Kabla mwezi haujaisha, alishuka ngazi asubuhi na mfuko mkononi. Akazitoa nguo moja moja, akazikunja vile vile, akaziweka chini ya kulabu ya ukutani iliyokuwa ya Attracta siku zote. Kisha akavua zake, akaogelea kidogo, akatoka, akaketi. Wenzake walipoondoka yeye alibaki. Adhuhuri alizirudisha mfukoni, na kesho yake akazileta tena.

Nani alimwambia neno? Hakuna. Sisi watu wa Portcarrick tunaweza kumtukana waziri kwa jina lake lote, lakini hatuwezi kumwambia jirani kwamba mke wake amekufa. Concepta Noone, mwalimu mkuu wa zamani, ambaye ndiye mwenye sauti pale ukutani, alijaribu mara moja.

"Malachy, rafiki yangu. Mpaka lini?"

"Mpaka atoke."

"Na asipotoka?"

"Nikiacha kuzileta, Concepta, nani atajua kwamba bado yumo?"

Concepta alifungua chupa yake ya chai, akammiminia. Tangu siku hiyo, mvua ikianza kunyesha, yeye ndiye aliyezifunika nguo za Attracta kwa karatasi ya nailoni aliyokuwa akiiweka kwenye begi lake. Wageni waliokuja ngazini walinong'onezwa, "Hizo usizihesabu." Tulijisifu kwa upole huo. Mimi nasema ulikuwa woga uliovaa kofia ya sufu. Tulimwacha mtu akae na mzimu kwa sababu kumwondoa kungetutia haya.

Na mzimu ulikuwepo. Asubuhi za utulivu, kichwa cheusi kilichomoza ng'ambo ya boya, kikatazama ngazi kwa muda mrefu.

"Huyo ni sili, mnyama wa majini tu, Malachy," Fergus alisema.

"Sili namjua. Nimezaliwa hapa."

"Basi mbona umesimama?"

"Kwani sili hasimamiwi?"

Fergus alicheka, lakini naye hakukigeuzia mgongo kile kichwa mpaka kilipozama.

Miaka ikapita hivyo. Kisha, mwezi wa Machi, Malachy akashikwa na kikohozi kilichomlaza. Asubuhi moja aliamka jua likiwa limeshapanda, kama jua lilikuwepo, maana dirishani hakukuwa na kitu isipokuwa weupe. Aliuchukua mfuko na kuanza kushuka kwa taabu, akiushika ukuta wa barabara.

Kabla yake alikuwa ameshuka Sorcha Kinlen. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti kutoka Longford, bara kabisa, ambako maji makubwa ni ya ziwa. Alikuwa amepanga chumba karibu na kituo cha treni na kuanza kuogelea majuma machache tu yaliyopita, siku zote jioni baada ya kazi. Hiyo ilikuwa asubuhi yake ya kwanza. Ngazini hapakuwa na mtu, na ukungu ulikuwa bado mbali, mstari tu juu ya bahari. Aliona kulabu iliyo wazi. Akazikunja nguo zake vizuri, akaziweka chini yake, akaingia.

Concepta na Fergus walifika ukungu ukiwa umeshakaa. Manyunyu yalikuwa yameanza. Concepta aliona furushi chini ya kulabu ile, akatoa nailoni yake, akalifunika, akaikandamiza pembeni kwa mawe mawili. Mkono ulikuwa umeizoea kazi hiyo kiasi kwamba macho hayakuhitajika.

Hawakwenda mbali siku hiyo. Walichovya, wakatoka wekundu kama kamba waliochemshwa.

"Maji vipi?" Fergus aliuliza, kama wanavyoulizana kila siku.

"Ukishaingia ni raha."

"Muongo mkubwa. Na kesho Jumapili utaenda kupokea komunyo na mdomo huo huo?"

"Padri mwenyewe aliniambia hivyo hivyo, nikamwamini, ona sasa." Alijifunga joho lake. "Tazama ukuta, twende. Mifupa yangu inalia."

Fergus alitazama. "Kuna furushi moja."

"Ni za Attracta hizo."

"Na Malachy mwenyewe?"

"Yuko nyuma ya kibanda anakojoa, atakuwa wapi tena? Malachy!" aliita. Hakujibiwa. "Kikohozi kimemla sauti. Mwache mzee wa watu."

Wakaondoka.

Malachy alipofika, ngazi zilikuwa tupu. Aliona furushi chini ya kulabu ya mke wake, limefunikwa kama kawaida, na mfuko wa nguo za mke wake ulikuwa mkononi mwake. Alisimama akivitazama vitu hivyo viwili. Baadaye alisema kwamba kwa kitambo hicho hakuwaza mtu mwingine yeyote. Aliwaza kwamba Attracta alikuja, akavua, akaingia tena.

Aliinua nailoni. Jinzi. Koti jepesi. Viatu vidogo vya michezo.

Akauelekea weupe, akaita. Angeita jina gani? Alikuwa na moja tu.

"Attracta!"

Maji yalikuwa yakilamba ngazi.

"Attracta!"

"Hapa!" sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani ya ukungu. "Niko hapa! Sioni!"

Alishuka kwa makalio ngazi hadi ngazi, akaingia majini na viatu na suruali mpaka kiunoni, mkono mmoja umeshika chuma cha pembeni, na akaendelea kuita. Sauti ile ilisogea, ikapotea, ikajibu kutoka upande usio wake, upande wa bahari kubwa. Aliita kwa nguvu zaidi. Kikohozi kilimkata, akakimeza, akaita tena, jina lile lile, kwa namna ambayo hajaliita tangu Septemba ile. Mwisho mkono ukatoka kwenye weupe, wa kijivu, vidole havikunjiki. Akaukamata, akavuta, na uso ukaja nyuma yake.

"Wewe siye," alisema Malachy.

"Siye," binti alijibu, midomo yake haina rangi. "Samahani."

Alimburuta mpaka juu. Nguo za binti pale ukutani zilikuwa nyembamba, nguo za mtu wa bara, na alikuwa akitetemeka vibaya mno. Malachy akaufungua mfuko. Akamvika sweta, akamvika suruali ya sufu, akamfungia koti la njano mpaka kidevuni, kisha akamkumbatia na kupiga yowe mpaka mtu wa duka la samaki akatoka. Gari la wagonjwa lilimchukua Sorcha akiwa ndani ya nguo hizo.

Concepta alirudi mbio, nywele hazijakauka.

"Nilizifunika kwa mkono wangu," alisema, na kulisema tena. "Nilizifunika, Malachy. Nikaweka na mawe."

"Ulizifunika kwa ajili yangu."

"Laiti ningetazama!"

"Ni mimi niliyewafundisha kutotazama," Malachy alisema.

Ikawa mara ya kwanza kwa watu wawili wa mji huu kusemezana ukweli mahali pale.

Sorcha alipopona alikwenda kwa Malachy na nguo zikiwa zimefuliwa, zimepigwa pasi. Malachy alimkaribisha jikoni, akampa chai na mkate wa zabibu. Hakuzigusa nguo. Kulikuwa na jambo moja tu alilotaka, na lilimchukua kikombe kizima kulifikia.

"Ulipokuwa kule nje, mwanangu. Kulikuwa na mtu mwingine?"

Binti angeweza kumdanganya. Mtu yeyote wa Portcarrick angemdanganya.

"Hapana," alisema. "Maji tu. Na jina. Sikujua ni la nani, nikaona afadhali nilifuate kuliko kukaa."

Malachy akalisukuma koti la njano kuvuka meza.

"Baki nalo. Wewe utalivaa uende nalo, na utarudi."

Sasa Sorcha huogelea asubuhi na wenzake, na koti huwa chini ya kulabu ile, nalo huhesabiwa kama nguo nyingine yoyote. Malachy haingii tena majini, daktari amemkataza. Huketi ukutani, kando ya koti. Concepta humwambia habari za mji, na yeye humjibu vizuri tu, hata mzaha hufanya. Lakini macho yake yako kwenye boya. Kichwa kikianza kurudi, bado mbali, bado hakina uso, hunyamaza katikati ya neno na kusimama. Kofia imevuliwa, imeshikwa kifuani. Hapo hakuna anayemsemesha, na safari hii sidhani ni woga. Kichwa hukaribia, huchukua sura, hupanda ngazi, huwa Sorcha. Malachy humpa koti lake, huvaa kofia, na kwenda nyumbani.