Maji ya Ghorofa ya Kumi na Moja

Mramba alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameitumia akiangalia pampu za visima virefu vya Tiwi. Kazi yake ilikuwa kuwasha mota, kuisikiliza, na kuizima. Watu walidhani anatia chumvi aliposema "kuisikiliza", lakini ndivyo ilivyokuwa. Akisimama mlangoni pa kibanda cha pampu, muhogo wa kuchoma mkononi, angeweza kukwambia kwamba beringi ya mota ya tatu imeanza kulegea, siku kadhaa kabla ya mafundi wa ofisini kuja na vipimo vyao.

Maji aliyoyasukuma yalikwenda Ukunda na kwenye mahoteli ya Diani. Kwake hayakufika. Kwao kulikuwa bara, mbele ya Kinango ukielekea Samburu, alikokwenda kila mwisho wa juma. Huko mkewe, Dama, aliteka maji kwenye silanga, bwawa la udongo walilolichimba wenyewe na ambalo ng'ombe nao walilinywea. Kiangazi kilipokaza, Dama alikaa kando ya njia na mitungi yake akingojea mkokoteni wa punda.

Hayo yote Mramba aliyaona kuwa ndiyo hali ya dunia. Hakuwa mtu wa wivu. Ndugu yake Chande alipoezeka nyumba ya mabati, yeye Mramba akiwa bado anaishi kwenye nyumba ya makuti, ni Mramba huyo huyo aliyeyabeba mabati begani kutoka barabarani, tena huku akiimba.

Basi mwaka jana ikatoka nafasi ya watu wawili kwenda Singapuri kwa wiki mbili, kujifunza namna wenzetu wa kule wanavyoendesha mambo ya maji. Mmoja awe mhandisi, mwingine awe mtu wa mtambo. Mhandisi alikuwa Johnstone, kijana wa miaka thelathini na nne kutoka Kakamega, na ni yeye aliyemtaja Mramba.

"Mzee Mramba, hii trip ni yako, haki," alimwambia. "Wewe ndio unajua hizi pampu kuliko sisi wote. Nikienda na mtu wa ofisi atalala tu kwa semina."

Dama alimfulia mashati matatu na kuyapiga pasi ya makaa. Siku ya kuondoka akamshika mkono mlangoni.

"Zawadi usiniletee, Baba Tembo," alisema. "Mkoba wenyewe ni mdogo. Uangalie vizuri tu, ukirudi unihadithie. Kila kitu."

"Kila kitu," Mramba akaitikia.

Walitua mchana. Kabla hata hawajatoka uwanja wa ndege, Johnstone akamvuta mkono akaone kitu. Wakaingia kwenye jengo la vioo, na katikati ya jengo hilo, kutoka kwenye tundu la paa, maji yalikuwa yakimwagika. Hayakuwa ya chemchemi ya mapambo kama zile za mahotelini. Yalikuwa maporomoko kamili, marefu kuliko mnazi wowote aliopata kuuona, yenye mvuke wake na ngurumo yake, na pembeni watu wamekaa wakila aiskrimu. Wengine walikuwa wameyapa mgongo.

Johnstone alikuwa akijipiga picha. Mramba alisimama na mkoba wake.

"Yanafungwa saa ngapi?" aliuliza.

"Yafungwe ya nini, mzee? Yanazunguka tu. Yakifika chini yanapandishwa tena juu."

Mramba akasikia kitu mbavuni, kama kichomi. Akadhani ni uchovu wa safari.

Mtu aliyepangiwa kuwa naye kila siku aliitwa Salleh, fundi wa pampu, umri wake miaka hamsini na mitatu, Mwislamu wa kabila la Kimalei, mfupi, mwenye kofia nyeupe mfukoni kwa ajili ya swala. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kazini, lakini asubuhi ya kwanza Salleh aliangusha spana, akaguna neno moja, "dunia". Mramba akashtuka.

"Dunia? Hata sisi twasema dunia."

"Na hii?" Salleh akaonyesha sabuni.

"Sabuni."

"Sabun!" Salleh akacheka mpaka akaketi. Tangu hapo ikawa mchezo wao, kila mmoja akitafuta neno la Kiarabu lililowahi kupita kwao na kupita kule.

Lakini kilichowafunga pamoja zaidi kilikuwa kitu kingine. Ndani ya mtambo ule uliojaa kompyuta, wakati vijana wanatazama vioo, Salleh alitoa bisibisi, akauweka mwisho mmoja kwenye mwili wa mota na mpini akauegemeza sikioni. Akafumba macho. Mramba alikuwa akifanya vivyo hivyo Tiwi kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyemfundisha. Alitaka kumkumbatia.

Kwa hiyo wivu ulipomjia, ulimkuta akiwa tayari anampenda yule mtu, na hilo ndilo lililomtesa.

Siku kwa siku aliona mambo. Aliona mlango wa bahari uliozibwa kwa ukuta, maji ya chumvi yakasukumwa nje na ya mvua yakabakizwa ndani, katikati ya mji. Aliona mitaro ya barabarani ikipeleka kila tone la mvua kwenye mabwawa. Alipewa chupa ya maji yaliyotumika, yakasafishwa, yakawa matamu kuliko ya kisimani kwake, naye akayanywa yote kwa hasira. Aliambiwa kwamba kisiwa chenyewe ni kidogo, kwamba maji mengine huyanunua kwa nchi jirani, kwamba hawakuwa na kitu. Neno hilo, hawakuwa na kitu, lilirudiwa kila siku na kila mzungumzaji, na kila siku Mramba alizidi kuwa mkimya.

Jumapili Salleh akawaalika nyumbani kwake, Mramba na Johnstone. Ilikuwa ghorofa ya kumi na moja katika jengo moja kati ya majengo mengi yanayofanana, lenye nguo zilizoanikwa kwenye fito madirishani. Hakukuwa na anasa. Sebule ndogo, feni, picha ya binti yao siku ya mahafali. Mkewe Salleh, Rohana, alikuwa akipika samaki wa tui, na harufu ile ilimpeleka Mramba moja kwa moja Diani.

Johnstone alikuwa akizunguka na simu yake akipiga video. Mramba alisimama mlangoni pa jikoni. Rohana alikuwa akiosha mchele. Aliunyoosha mkono nyuma akafungua mfereji bila kuutazama, huku akizungumza na mumewe, akamwaga maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu yalikuwa safi kama ya kunywa. Akayamwaga.

Bila kuutazama. Mramba hakuweza kuliondoa hilo machoni. Dama alipokuwa na maji, aliyatazama. Aliyatazama yakishuka kutoka mtungini hadi kwenye kata, kutoka kwenye kata hadi chunguni, kama mtu amwangaliaye mtoto akivuka barabara.

Aliomba kwenda kunawa. Huko bafuni akafunga mlango, akafungua mfereji wa sinki mpaka mwisho. Akafungua na bomba la mvua. Akasimama katikati, viatu vikilowa, akayaacha yaende. Hakunawa. Alitaka yapotee tu. Alitaka siku hiyo moja katika nyumba hiyo maji yapotee bure, na kama ingewezekana yaishe.

Salleh akabisha hodi. "Rafiki, uko salama?" Alipoona kimya akausukuma mlango. Alimtazama Mramba, akatazama maji. Akanyoosha mkono akafunga bomba la mvua, kisha mfereji, polepole, kama anavyofunga fundi.

"Samahani," alisema. "Kwetu maji ni kitu cha thamani sana. Tumezoea kufunga."

Mramba, mwana wa bara ya Kinango, akasimama hapo na kufundishwa kwamba maji yana thamani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Baada ya chakula wakatoka wawili kwenye ujia wa nje, wakaegemea ukuta wakitazama chini. Salleh akaelekeza kidole kwenye maduka ya ng'ambo. Akasema alizaliwa kijiji kilichokuwa upande ule, nyumba za mbao, mfereji mmoja kwa nyumba zaidi ya ishirini. Kabla ya kwenda shule alibeba ndoo mbili kwenye mti begani, na foleni ilikuwa na vita vyake.

"Kisha?" Mramba aliuliza.

"Kisha tukahamishiwa majengo kama haya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yangu siku ya kwanza alifungua mfereji, akafunga, akafungua, akafunga. Alidhani wanatutania."

Alilisema hilo kwa upendo, akidhani anampa mgeni wake faraja. Lakini lilimchoma Mramba kuliko yote. Kama Salleh angezaliwa na maji angemsamehe, kama unavyomsamehe mtoto wa sultani. Kumbe walikuwa wameanza pamoja. Miaka kumi na mmoja! Katika umri huo Mramba alikuwa akimfuata mama yake, Kache, wakishuka silangani na mtungi kila mmoja. Mama yake alikuwa amezikwa miaka minane iliyopita, na hakuwahi kufungua mfereji wa kwake hata siku moja.

"Mungu amewajalia," alisema Mramba, na siku zote zilizobaki hakumtafutia Salleh neno jingine la Kiarabu.

Alirudi nyumbani Ijumaa. Dama alikuwa amechinja kuku, ametandika mkeka, amekaa kabisa tayari kusikiliza.

"Haya, nipe."

"Ni mji wa joto tu," Mramba alisema. "Majumba marefu. Chakula kina pilipili."

"Basi?"

"Basi."

Dama alimtazama, akaondoa sahani. Majirani walipokuja aliwajibu hivyo hivyo, na Chande alipomdadisi alisema watu wa kule hawana hata nafasi ya kufuga mbuzi. Kazini alianza kuwa mkali. Salleh alimtumia picha kwenye simu, ya pampu mpya, ya mvua, ya Rohana akipunga mkono. Mramba alizitazama, hakujibu. Miezi mitatu ikapita.

Siku moja ya Jumamosi Johnstone alikuwa na kazi ya kupima njia ya bomba upande wa Kinango, akapita kumsalimu Mramba kwake. Dama akamkaribisha, akampa wali na kunde. Johnstone, kwa moyo safi, akatoa simu.

"Mama, mzee alikuonyesha zile video? Aii, hakukuonyesha? Cheki hii."

Mramba akataka kuinuka, akakosa sababu. Dama akaona maporomoko ndani ya jengo. Akaona ukuta wa bahari. Kisha akaona jiko, na mwanamke wa rika lake akiosha mchele kwa maji matatu. Hapo akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Gari la Johnstone lilipopotea, Dama hakupaza sauti.

"Uliniambia ni majumba tu."

"Sikutaka uone wivu, Mama Tembo."

"Wivu nao unanichagulia? Nilikuomba habari tu. Umekula peke yako ukafuta mdomo."

 Maneno yakamtoka Mramba, mengine akiwa hajawahi kujiambia hata mwenyewe.

"Yule mtu alinilisha, Dama. Ni mtu mwema, na kazi anaijua kama mimi. Nami nilisimama bafuni kwake nikaomba maji yamkaukie. Nilimuomba Mungu kabisa."

Dama aliacha alichokuwa akifanya. "Yamkaukie ili sisi tuyapate?"

"Tusingeyapata."

"Basi?"

"Basi nilitaka tu yamkaukie."

Hakumkemea. Alivuta ungo wa mbaazi, akaanza kubambua, akasema, "Anza mwanzo. Mliposhuka kwenye ndege."

Ilichukua Jumamosi yote na nusu ya Jumapili. Dama aliuliza mambo ambayo hakuna mtu wa semina aliyewahi kuyauliza. Mfereji uko upande gani wa sinki? Mwanamke yule huamka saa ngapi, na ule muda ambao hatafuti maji, anaufanyia nini? Hilo Mramba hakulijua. Lilimshangaza kwamba hakuuliza.

Dama aliupata wivu, tena mkubwa kuliko wa mumewe, ila wa kwake haukumnyamazisha. Aliupeleka kwenye kikundi cha akina mama, kwa mwenyekiti wao Shutu, akawasimulia mchele ule wa maji matatu kana kwamba aliuosha yeye. Wiki hiyo hiyo wakamtaka Mramba awaandikie barua ya kuomba bomba. Aliogopa, kwa kuwa ni mwajiriwa, lakini akaandika, na wanawake arubaini na watatu wakatia sahihi na dole gumba. Barua ilijibiwa kwamba imepokelewa. Wapimaji wamekwisha kuja mara moja, wakapiga vigingi hadi kwenye njia panda. Bomba bado.

Mramba naye alimwandikia Salleh, akamwomba radhi kwa kimya chake. Hakumweleza sababu. Salleh akajibu siku hiyo hiyo kwamba anakaribia kustaafu, na yeye na Rohana wangependa kuja kuona Tiwi, na nyumbani kwa Mramba pia. Ujumbe huo ulikaa siku nne bila jibu. Bado, kila picha ikiingia, kile kichomi kilikuja.

"Watalala wapi?" alimwambia Dama. "Wataoga nini?"

"Wataoga tunachooga."

Akaandika kwamba waje mwezi wa saba, baada ya masika, mashamba yakiwa ya kijani. Akamsomea mkewe kabla ya kutuma.

"Futa hapo," alisema Dama. "Andika mwezi wa pili, jua likiwa kali. Na huyo Rohana mwambie aje na viatu vya kutembelea. Nitakwenda naye kuteka maji mimi mwenyewe."

 Mramba akafuta "saba", akaandika "pili", akatuma.