Mlango Niliomwonyesha Afande

Ijumaa, tarehe 9 mwezi wa tano. Mvua ilianza alfajiri, na mlima hatukuuona kutwa nzima.

Afande alikuja kuchukua karatasi zake. Ni askari jela wa kike kutoka Jinja. Alipewa likizo ya masomo, akaja hapa Mbale kusomea shahada ya pili ya kompyuta. Alitaka kuifundisha kompyuta isikie Kiswahili chetu hiki cha Uganda. Likizo imekwisha, na utafiti haujaanza.

Mimi napika chai pale chuoni, idara ya kompyuta. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini wanafunzi huniuliza mimi wamwombe mwalimu gani awasimamie, maana naingia vyumba vyote. Naye aliniuliza. Nikamwambia, "Nenda kwa mzee wa chumba cha mwisho. Yule mwalimu mwingine ana roho ngumu."

Mzee hupokea kikombe kwa mikono miwili, na kuniuliza hali ya mguu wangu. Yule mwingine hata macho hainui. Kipimo changu kilikuwa hicho.

Mzee alimkubali siku ile ile. Si mtu mbaya, sitaki kumwandika vibaya. Hajui tu kumkatalia mtu. Lakini yeye ni mtu wa nyaya na mitandao, mambo ya lugha hayajui. Kila alipopelekewa kazi alisema, "Vizuri, endelea." Mwaka mzima, endelea.

Leo yule mwenye roho ngumu alimkuta afande koridoni na bahasha, akaomba kuona. Alisoma amesimama, kurasa nne, tano.

"Hii ndiyo kazi yangu. Mbona hukuja kwangu?"

Afande hakunitazama. "Niliogopa tu, mwalimu."

Nilikuwa pale pale na sinia. Nikaingia zangu jikoni.

Baadaye jikoni nilimwambia, "Ni mimi niliyekupoteza."

"Mama, mimi nalinda majambazi. Wewe na birika lako utanipotezaje?" Akacheka kidogo, halafu akafuta macho. "Jumatatu niko getini. Wakubwa wa jela wamesema likizo haiongezwi."

Labda hata yule mwingine angemkataa wakati ule. Sijui. Labda najitetea.

Kuniaga, aliniachia samaki wawili wakavu wa Wanyange, kule ziwani karibu na Jinja, aliowanunua asubuhi kabla ya kupanda gari. Nilishindwa kuwakataa. Jioni tumewala kwa matoke, mimi na binti zangu. Wao waliomba mchuzi zaidi, nikawapa wangu.