Nduru Niliyopiga Mlima Ulipowaka

Begi la baba likifunguliwa, nyumba nzima ilinuka mlima. Sijui nikuelezeje harufu hiyo wewe ambaye hujaishi Raila, kule Kibera, ambako pua hujifunza mapema kutambua mtaro, samaki wa kukaangwa na moshi wa jiko la jirani. Ilikuwa harufu ya sweta lililonyeshewa likakaukia mwilini, ya mafuta ya taa, na ya baridi. Ndiyo, baridi ina harufu, usinibishie. Baba alikuwa mpishi wa wapandaji wa Mlima Kenya. Alikwenda siku sita au saba, akibeba sufuria na unga hadi kambini, akiwapikia wageni supu mahali ambapo, alisema, maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa. Akirudi, mimi na mdogo wangu Naliaka tulipigania kutia vichwa ndani ya begi, na mama akatukemea, "Nekesa, Naliaka, nyinyi ni panya ama ni watoto?" Baba alicheka. Pale Raila alipita vichochoroni kwa ubavu kama wapangaji wengine wote, lakini mlimani, alituambia, unanyoosha mikono yote miwili na hugusi ukuta wa mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, na shule zilikuwa bado hazijafunguliwa mwezi wa Januari. Mama alikuwa msusi katika saluni ya dada yake, Kawangware, kwenye kituo cha 56. Kila asubuhi alitupikia uji, akatuachia ndoo, akatoka, akatufungia kwa kufuli upande wa nje. Usimhukumu. Ndivyo walivyofanya kina mama wengi wa ploti yetu, kwa sababu mtoto anayezurura hupotea, na nyumba isiyofungwa hukombwa hadi vijiko. Lakini ole wako uwe ndani! Dirisha letu lilikuwa la ukubwa wa daftari, limezibwa kwa waya. Saa sita mabati yalianza kulia yenyewe kwa joto, tak, tak, na Naliaka akalala sakafuni apate ubaridi wa simiti. Mimi niliisikia dunia yote ikipita hatua mbili kutoka kwangu, watu wakicheka, mtu akiuza mandazi, na sikuweza kutoa hata mguu. Sijapata kukichukia kitu kama nilivyolichukia lile kufuli.

Kilichonipa dunia ni redio ya Mama Akoth, jirani tuliyetenganishwa naye na bati moja tu. Siku hiyo ya Alhamisi mtangazaji alisema Mlima Kenya unaungua. Moto umepita msitu wa mianzi, umeingia kwenye vichaka vya juu vilivyokauka kwa kukosa mvua, upepo unausukuma kuelekea kambini. Wapandaji wengi wameteremshwa, lakini baadhi ya wapishi na wapagazi hawajulikani walipo. Akataja upande. Ulikuwa upande wa baba, aliyekuwa ameondoka Jumatatu. Kisha, bila hata kupumua, akahamia habari za mpira. Niliita, "Mama Akoth! Mama Akoth!" Hakuna jibu. Alikuwa amekwenda kwenye bomba kuteka maji, redio imebaki ikijisemea peke yake. Simu alikuwa nayo mama. Nilipiga mlango mateke, nikapiga bati mpaka viganja vikawaka, Naliaka akaamka akaanza kulia bila kujua analilia nini. Mtoto wa miaka tisa aliyefungiwa ndani, ukimwambia baba yake hajulikani alipo, ataelewa nini? Nilivuta pumzi, nikapiga nduru: "Baba amekufa! Baba ameungua!"

Sasa, kwetu nduru haiulizwi maswali. Nduru huitikiwa. Mwanamke wa nyumba ya tatu aliidaka, wa ng'ambo ya mtaro akaipokea, na kabla sijamaliza kufuta kamasi wamekwisha kulivunja kufuli kwa jiwe na nyumba imejaa. Walinikumbatia, wakajitupa chini, wakamsifu baba kwa machozi. Binamu mmoja akapiga simu kijijini Magharibi kwa nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, na kule nako wakaanza kulia. Niliwatazama watu wazima wakilia kwa neno langu, nikaogopa kuliko nilivyouogopa ule moto. Ningesemaje? Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama alifika mbio kutoka Kawangware, nyuzi za kusukia bado zimening'inia shingoni. Hakulia. Aliuliza, "Nani amesema?" Nikamnong'onezea, "Redio ilisema hawajulikani walipo." Alinifunika mdomo kwa kiganja chake kilichonuka mafuta ya nywele. Simu ya Kukhu ilipoingia, akiuliza ni nani aliyelia kwanza, nilimsikia mama akisema, "Ni mimi, mama. Ni mimi nililia kwanza." Kwetu, anayemlilia mtu aliye hai huhesabiwa kwamba amemwitia kifo. Mtoto akibeba jina hilo, hulibeba hadi kwa wakwe. Mama alilichukua yeye. Wanawake wa ploti waliijua kweli, lakini walifunga midomo, na hilo nitawashukuru maisha yangu yote.

Baba alikuja Jumamosi mchana, kwa miguu yake. Nyusi zilikuwa zimeungua, midomo imepasuka. Yeye na wenzake wanne walikuwa wamejilaza ndani ya kijito, blanketi mbichi juu yao, hadi moto ukapita. Alipoona benchi za matanga na watu, akasema, "Sasa, ni harusi ya nani hapa?" Wengine walikimbia. Naliaka alitaka kumrukia, mama akamdaka gauni. Kukhu alipopigiwa simu alitoa amri papo hapo: mtu aliyeliliwa haingii kwa mlango kama mgeni wa kawaida. Angoje nje mpaka yeye mwenyewe afike na dawa zake na jogoo. Basi baba, aliyetoka kuponea chupuchupu, alikaa siku mbili juu ya mtungi uliopinduliwa kando ya mtaro, akilala kwa rafiki, na sisi tukimtazama kupitia waya wa dirisha kama mtu anayeugua ndui. Alinipungia mkono. Sikuthubutu kumpungia. Kukhu alipofika, walibandua bati la nyuma, upande wa choo, wakamnyunyizia dawa, na baba akaingia nyumbani mwake akitambaa kwa magoti. Hakucheka siku hiyo.

Tulidhani yameisha. Alipokwenda kutafuta safari nyingine, wenzake walimkwepa. Hakuna aliyetaka kulala hema moja na mtu ambaye matanga yake yamekwisha kukaliwa. Lisemwalo lipo, walimwambia, kama halipo laja. Ni wapishi na wapagazi waliomheshimu, lakini mlimani mtu hachezi na mkosi. Baada ya kukataliwa mara nne, akawa soja kwenye geti la duka la vifaa vya ujenzi, pale Kawangware, nasi tukahamia Gatina, mtaa wa karibu na hapo. Kukhu hakula tena chakula cha mama mpaka alipozikwa. Alimwita "yule aliyemlilia mwanangu." Na baba, mtu mpole yule, akikasirika alikuwa na sentensi moja tu: "Wewe ndiye ulinifungia mlima." Mama aliokota vyombo, akaenda kuosha. Mimi nilikuwa mezani na vitabu vyangu, nafsi inanisuta, ulimi mzito. Nilikuwa mwoga. Sina jina jingine la kujipa.

Mwaka huu mlima umeungua tena. Siku hizi habari haipitii kwenye bati. Inakujia kwenye simu pamoja na picha zake, na mtu huitazama, husema "woi", hutuma kwa wengine, kisha huendelea kula chapati yake. Hakuna anayepiga nduru. Labda ni afadhali. Labda pia tumekuwa wagumu, sijui. Jumapili nilikwenda kuwatembelea wazazi, na runinga ilikuwa inaonyesha mahema yakikunjwa na miali ikipanda miteremko. Baba, ambaye sasa magoti hayamtii, alisogeza kiti hadi karibu kukigusa kioo. Alitaja mabonde kwa majina, akaukosoa upepo, akawaambia wapagazi wasioweza kumsikia wateremke kwa kufuata maji. Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa akikoroga mboga jikoni, akamtania, "Mama Nekesa, tafadhali leo usinililie, bado nipo." Mama alicheka kidogo, kile kicheko chake cha kuyapitisha mambo.

Sikuweza tena. Nikasema, "Baba, si mama. Ni mimi nilipiga ile nduru. Mama hata hakuwa Kibera."

Hakugeuka. Macho yake yalibaki kwenye runinga. "Najua," akasema. "Mama Akoth aliniambia wiki ileile."

Kijiko kilinyamaza ndani ya sufuria. Mama alikuja hadi mlangoni mwa jikoni, akajifuta mikono taratibu kwa leso. "Wiki ileile, Baba Nekesa?"

"Ningemlaumu mtoto?"

"Mama yako amezikwa akiniita mchawi." Hakupaza sauti. "Miaka yote hii, na ulijua?"

Mama alipita katikati yetu, akaingia chumbani, akalala kitandani na viatu vyake. Mboga ilianza kunuka kuungua, na ni mimi niliyeinuka kwenda kuzima gesi.