Wapi Ni Pazuri pa Kucheza

Darasa langu la Kiingereza hapa Kadutu limebaki na mwanafunzi mmoja: maman, kama tunavyowaita akina mama huku, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Wengine wamekimbia mji, wengine wamekata tamaa, na mimi mwenyewe ningeshafunga mlango kama si yeye. Ana mjukuu aliyezaliwa ng'ambo, asiyejua neno la Kiswahili. Anataka amwite kwa mdomo wake mwenyewe, aje likizo, wapate kuonana.

Kitabu changu kilimtesa. Kila sentensi ilidai kwanza mtu wa kutenda, na sisi huku mtu akikuuliza unakaa wapi unamjibu mahali: nyuma ya soko, chini ya kanisa, kwenye bomba. Nilipochoka nikamwambia ukweli, kwamba Kiingereza cha mazungumzo hakina makuu hayo. Taja mahali kwanza, kisha sema ni pazuri au ni pabaya. Basi! Alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Kumbe nao wanasemaka kama sisi!"

Tukafanya mazoezi: karibu na dirisha ni pazuri kwa kushona, kando ya jiko ni pabaya kwa mtoto.

Jumapili baada ya misa binti yake akapiga simu, akampa mtoto. Nilikaa karibu, nikitafsiri. Mtoto akauliza: nikija, wapi ni pazuri pa kucheza?

Maman akageuka kutazama dirishani. Barabarani wamejaa wenye bunduki. Shuleni pamefungwa. Nyuma ya nyumba ndipo risasi ilipomkuta jirani akianua nguo. Mimi ningedanganya, tena bila aibu. Yeye hakuweza. Akajibu kwa Kiingereza safi kwamba chini ya kitanda ni pazuri.

Mtoto akacheka sana, akidhani ni mchezo wa kujificha. Akauliza kama bibi naye huingia humo.

"Yes," akasema maman.

Nilitamani kuipiga ile simu ukutani. Nimeuchukia mji huu, nami sina pengine pa kwenda, na Kiingereza changu chote hakimfai mtu kitu.

Maman akaifunika simu kwa kiganja. "Mwalimu, unifundishe kusema: kwenu iko muzuri, usikuye."

Nikamnong'oneza kwa Kiingereza kwamba kwao ni pazuri, asije. Akaisema polepole, bila kukosea, na ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia mjukuu wake.